Gari Moja, Safari Nyingi



Ndugu msomaji, barabara inayotoka Manda, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, ikapita Ludewa hadi Itoni karibu na Njombe, ina urefu wa takriban kilomita 211. Kilomita 50 kati ya hizo, baina ya Mawengi na Lusitu, zimejengwa kwa zege. Kutoka Njombe hadi Makambako ni kilomita zipatazo 60 za lami. Katika njia hiyo basi husimama penye kijiji, penye njia panda, na mara nyingi penye mtu yeyote aliyeinua mkono. Abiria wa mwisho wa safari huhesabu vituo hivyo kwa kuguna, na guno huzaa maneno. Mzee anayeshuka taratibu hukemewa, na mama mwenye mtoto mgongoni na gunia mkononi huambiwa kwamba anachelewesha watu.

Inafaa tujiulize: anamchelewesha nani, na kutoka katika haki ipi? Yule mama hana vituo vingi. Ana kimoja tu, na amekilipia nauli kama wewe ulivyolipia chako. Vituo vingi ni vya gari, si vya abiria.

Reli ya TAZARA, ipitayo hapo Makambako, ililitatua jambo hili kwa kuwa na treni mbili: ya haraka, iliyoruka vituo vidogo, na ya kawaida, iliyowahudumia watu wa vijijini. Barabara yenye abiria wachache haina uwezo huo. Gari likiamua kuviruka vijiji, mgonjwa hatafika hospitali, mwanafunzi hatafika shuleni, na mfuko wa mahindi alioutuma bibi hautamfikia mjukuu. Wa mjini atapata saa moja, na wa kijijini atapoteza siku nzima.

Hata hivyo, malalamiko ya abiria si ya bure. Tofautisheni kusimama na kukaa. Chukulia gari lenye vituo thelathini. Likisimama dakika mbili kila kituo, ni saa moja tu. Likikaa dakika saba, ni saa tatu na nusu. Kinachotuchosha, basi, si wingi wa vituo bali ni zile dakika tano za ziada: utingo anayengoja abiria ambaye hajatoka nyumbani, nauli inayotafutwa mfukoni wakati mlango uko wazi, mzigo uliowekwa chini ya mizigo ya watu wengine. Hatari kubwa zaidi huja baadaye, pale dereva anapotaka kuzifidia dakika hizo kwa mwendo wa kasi kwenye miteremko. Abiria anayemshangilia dereva huyo anashiriki katika kuzihatarisha roho za watu.

Jambo hili linagusa pia ibada, na hapa kamati za misikiti huulizwa mara kwa mara. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, ruhusa ya kupunguza na kukusanya Swala ni ya safari ya halali yenye urefu wa marhala mbili, yaani kilomita themanini na kitu. Basi anayetoka Manda kwenda Njombe ni msafiri, na anaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri. Hivyo kusimama mara moja kwa ajili ya Swala kunamtosha. Anayepanda Njombe na kushukia Makambako hajafikia masafa hayo, ingawa amekaa kiti kimoja na yule wa Manda. Vivyo hivyo aliyepanda kijiji cha katikati na kushuka kijiji cha tatu. Kinachotazamwa ni safari ya mtu, si safari ya gari. Wa masafa mafupi apange mapema, aswali kabla ya kupanda au ahakikishe atashuka wakati ungalipo. Wa masafa marefu wazungumze na dereva kwa upole kabla ya gari kuondoka, si kupiga kelele njiani wakati umekwisha kuyoyoma.

Qur'ani Tukufu, katika Suratun Nisaa aya ya 36, imemtaja mwenza aliye ubavuni miongoni mwa wanaostahiki kutendewa wema, na wapo wafasiri waliomhesabu humo mwenza wa safarini. Hakuna sharti kwamba awe anakwenda unakokwenda wewe. Aliyekaa nawe kwa vituo viwili tu anayo haki hiyo kwa vituo hivyo viwili.

Wazazi, tuwafundishe watoto wetu adabu hizi kabla ya likizo kuwarudisha barabarani: wafike kituoni mapema, washike nauli mkononi, wasogee mlangoni kabla ya gari kusimama kwa kushikilia vizuri, waandike jina na kituo juu ya kila kifurushi, na wampokee mzee mzigo wake bila kuombwa. Mambo haya hayahitaji fedha wala amri ya serikali, na yakifanywa na abiria wote, ile saa iliyopotea itarejea bila kijiji hata kimoja kurukwa.

Wabillahi tawfiq.