Krismasi isiwe pazia la kuwafichia watoto msiba

Kuna desturi ambayo imeota mizizi katika nyumba nyingi humu nchini, nayo ni ya kuifanya Krismasi kuwa siku isiyokubali kutajwa kwa jambo lolote la huzuni. Familia ikiwa imempoteza mtu mwaka huo, jina lake huwekwa kando. Watu wazima hunong'onezana jikoni, na mtoto akiingia, mazungumzo hugeuzwa ghafla yakawa ya bei ya mbuzi na nauli ya kurudi mjini. Nia yao ni njema, hilo silipingi. Hata hivyo, mimi niliye mwalimu, ambaye kila Januari huwapokea watoto watokao katika nyumba hizo, naona kwamba desturi hii inawadhuru wale wale inaokusudia kuwalinda.

Walimu wenzangu wa Kiswahili ni mashahidi. Muhula wa kwanza ukianza, aghalabu huwa tunawapa wanafunzi insha kuhusu Krismasi nyumbani kwao. Tunachosahihisha ni insha moja iliyonakiliwa mara hamsini: majogoo yaliwika, jua likachomoza kwa madaha, mapochopocho ya kila aina yakaandaliwa, tukala tukashiba ndi! Mwanafunzi aliyemzika mamake mwezi wa Oktoba naye huandika pilau ile ile na nguo mpya zile zile. Hatuwezi kumwita mwongo. Amefunzwa nyumbani kuwa hayo ndiyo yanayosemwa kuhusu Krismasi, na shuleni amefunzwa kuwa hayo ndiyo yanayopewa alama. Mwalimu wa darasa huja kugundua mwezi wa Machi, karo inapoulizwa, kwamba mzazi aliyeandikwa kwenye fomu alishaaga dunia. Wakati huo mtoto amekwisha kuitwa mzembe, msahaulifu, na pengine amekwisha kuadhibiwa.

Naandika haya nikiwa nimetoka kuishuhudia Krismasi ya aina nyingine nyumbani kwetu Taita, mwaka 2025. Mwezi wa Julai mwaka huo tulimzika kaka yangu mkubwa. Maradhi ya figo yalikuwa yamemwandama kwa muda, na kwa miezi kumi na minne alikuwa akiteremka kutoka milimani hadi mjini mara mbili kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine. Anayeijua safari hiyo hahitaji kuelezwa: nauli ya mgonjwa na ya anayemsindikiza, kurudi usiku akiwa hoi, na siku ya pili shamba linamngoja. Alimwacha shemeji yangu na watoto wawili, msichana wa miaka kumi na minne na mvulana wa miaka mitano.

Siku ya Krismasi, baada ya chakula, mama yetu alitutaka sote tukae, wakubwa kwa wadogo. Akaniambia, "Mwalimu, leta lile daftari." Lilikuwa daftari la kamati ya mazishi, lenye majina ya kila aliyechanga na alichochanga. Akaniagiza nisome lote, jina kwa jina, bila kuruka. Nilisoma majina mia moja na arobaini na matatu. Yumo mwajiri wake wa zamani aliyetoa shilingi elfu ishirini. Yumo mama auzaye mboga sokoni aliyetoa shilingi hamsini na mkungu wa ndizi. Wamo vijana wa bodaboda ambao hawakutoa hata senti ila walibeba maji siku nne mfululizo, na katibu alikuwa na busara ya kuliandika hilo pia. Kisha mama akauliza, "Na deni?" Nikasoma: kati ya gharama zote za matibabu na mazishi, zilisalia shilingi elfu sitini na moja.

Ni hapo ndipo mvulana alipouliza kama baba atalipa akirudi. Siku ya mazishi alikuwa amepelekwa kwa majirani, na mmoja wao, kwa huruma, alimwambia kwamba babake amesafiri Mombasa kikazi. Kwa miezi mitano alikuwa akimngoja. Mama yangu hakumtazama mtu mwingine yeyote. Alimvuta mjukuu wake karibu, akamwambia kwamba baba alikufa, kwamba amezikwa pale chini ya mparachichi alipoona udongo mpya, na kwamba kufa maana yake ni kutorudi. Mtoto alilia. Dadake alilia. Sote tulilia, na pilau ikapoa. Jioni mvulana yule alikwenda pale chini ya mparachichi, akakaa kitako, akarudi akaomba chai.

Watakuwapo watakaosema kwamba huko ni kumtwika mtoto mzigo usiomfaa umri wake, na kwamba sikukuu ni haki yake. Nawauliza: ni mzigo upi mzito zaidi, kujua kwamba baba amekufa au kuamini kwamba baba amekwenda Mombasa akakataa kurudi? Mtoto anayefichwa huona macho mekundu ya mamake, huona viatu vya babake vikigawiwa watu, na maadamu hapewi maelezo, hujitungia yake. Mara nyingi hayo anayojitungia humweka yeye mwenyewe kuwa mkosaji. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Anayekificha kifo chenyewe je?

Wala isidhaniwe kuwa kimya hiki tumekirithi kwa mababu. Sisi Wataita ndio wa mwisho kuweza kudai hivyo. Zamani zetu, fuvu la marehemu lilifukuliwa baada ya muda na kuhifadhiwa pangoni pamoja na mafuvu ya jamaa zake, na lipo pango la mafuvu karibu na Wundanyi ambalo wageni huja kulitazama hata leo. Wazee walikwenda pangoni kuwaeleza waliotangulia habari za mvua, ndoa na magonjwa. Mmishonari J. A. Wray alipofika Sagalla mwaka 1883, aliwakuta watu ambao marehemu wao walikuwa wangali na sauti katika mambo ya ukoo. Sisemi turudi mapangoni. Nasema tu kwamba desturi ya kuwafuta waliokufa ili karamu isiharibike imetufikia juzi, na sijui ni nani aliyetuletea.

Nitaombwa nieleze shule zifanye nini. Kila shule hutakiwa kuwa na mwalimu wa ushauri nasaha, lakini tunajua kuwa mwalimu huyo ana vipindi vyake kama sisi sote, na hawezi kumsaidia mtoto ambaye hajaambiwa habari zake. Mzazi au mlezi ndiye aanze, siku ile ile ya kufungua shule, kwa sentensi moja kwa mwalimu wa darasa: mwaka uliopita tulifiwa na fulani. Nasi walimu wa Kiswahili tuache kuidai ile karamu. Tuwape wanafunzi kichwa kama "Mwaka ulivyotupita nyumbani kwetu", na tukubali kusoma kitakacholetwa, hata kama majogoo hayatawika humo.

Shemeji yangu alikwenda mwenyewe. Binti yake alikuwa katika kundi la kwanza lililofanya mtihani wa KJSEA mwaka 2025, miezi michache tu baada ya mazishi, na matokeo yalimruhusu kuchagua mkondo wa sayansi alioutaka katika sekondari pevu. Januari 2026 alijiunga na gredi ya 10 akiwa na sanduku alilotumia babake akiwa shuleni, lililopakwa rangi upya. Karo ya muhula wa kwanza ilitokana na mauzo ya maharagwe na mchango wetu wa ndugu. Kabla ya kuondoka alimwomba nyanya yake jambo moja, kwamba yeye ndiye awe akiliandika lile daftari kila anapokuja likizoni. Ukurasa wa kwanza aliouandika una mistari miwili: deni lililosalia, na jina la mtoto wa shangazi yake aliyezaliwa mwezi wa Oktoba, ambaye amepewa jina la marehemu.