Kiswidi hakipitii Kiingereza, acheni kutuzungusha

Nshachoka, wanangu. Nimenyamaza mwezi mzima, leo natema.

Kuna darasa la Kiswidi hapa Ukunda, jina silitaji. Dada mmoja ninayemjua, msusi, anasuka wageni nywele ufukweni Diani, alijiandikisha. Akalipa elfu sita, pesa za kusuka vichwa vingi hizo. Wiki ya pili akaambiwa arudi nyumbani akanoe Kiingereza kwanza, ndipo aje Kiswidi. Kosa lake? Aliuliza swali kwa Kiswahili.

Na lilikuwa swali zuri kushinda yote yaliyoulizwa siku hiyo. Aliandika ubaoni «Tiwi är lugn än Diani», yaani Tiwi ni tulivu kuliko Diani. Mwalimu akafuta «lugn», akaweka «lugnare», akasema ni kama Kiingereza tu. Dada akauliza: mbona neno lenyewe libadilike, na «än» ipo pale kufanya kazi?

Hebu fikiria. Kwetu «tulivu» haibadiliki. Tiwi ni tulivu, Tiwi ni tulivu kuliko Diani, Tiwi ni tulivu kuliko kote. Mzigo wote umebebwa na «kuliko». Mswidi yeye anabebesha pande mbili: anaweka «än» halafu sifa nayo anaibadilisha. Lugn, lugnare, lugnast. Stor, större, störst. Kwa hiyo kosa la yule dada si ujinga, ni mantiki ya Kiswahili imeingia mahali ambapo haikai. Jibu lake ni sentensi moja: «Kwetu kuliko inatosha, kwao haitoshi, sifa nayo lazima ivae mkia.» Dakika mbili, basi. Badala yake ametolewa darasani.

Sikatai, hapo kwenye mkia Kiingereza kinasaidia, maana nacho kinabadilisha sifa. Lakini mkiendelea mbele kidogo, Kiingereza ndicho kinachotupoteza, na Kiswahili ndicho kinachojua njia.

Chukua mpangilio wa maneno. Sentensi ya Kiswidi ni kama matatu ya Likoni: kiti cha kwanza akae yeyote, ila kiti cha pili kina mwenyewe, na mwenyewe ni kitenzi. Ukianza na «leo» au «jana», kitenzi kinafuata papo hapo, mtendaji anasogea nyuma. Aliyepitia Kiingereza anasema «Igår jag köpte fisk». Amekosea, ni «Igår köpte jag fisk». Sasa sisi tunasemaje? «Jana nilinunua samaki.» Baada ya jana kinakuja nini? Kitenzi! Mtendaji tumembeba ndani yake. Na sikiliza hii:

Jana walikuja wageni wengi kuliko juzi.
Igår kom fler gäster än i förrgår.

Panga neno juu ya neno. Jana, igår. Walikuja, kom. Wageni nao wanakuja nyuma ya kitenzi kotekote, na kuliko imekaa pale pale ilipokaa än. Kilichopishana ni kidogo tu, kwetu wengi inafuata wageni, kwao fler inatangulia. Nyanya yangu hajui neno moja la Kiswidi lakini mpangilio huo anautumia kila siku akisimulia nani kaja na nani kaondoka. Halafu mtu anatwambia Kiswahili kiachwe mlangoni na viatu.

Kulinganisha vitu sawa nako hivyo hivyo. Tuna «kuliko» na tuna «kama», hatuvichanganyi. Wao wana «än» na «som». Ukunda si kubwa kama Mombasa: «Ukunda är inte lika stort som Mombasa.» Kuliko ni än, kama ni som, na «lika» mbele ya sifa. Maliza, nenda kaoge baharini.

Na ile ya kadiri. Kwetu ni jozi ya maneno mawili tofauti: kadiri na ndivyo. Kwao pia ni mawili tofauti: ju na desto. Kadiri unavyofanya mazoezi, ndivyo unavyozungumza vizuri zaidi: «Ju mer du övar, desto bättre pratar du.» Kiingereza kinarudia neno lile lile pande zote mbili, mtu anabaki hajui upande upi ni upi. Angalia tu hapo mwisho, «pratar du», kitenzi kimemtangulia mtendaji, lakini upande wa ju ni «du övar». Hilo halina njia ya mkato, shika kwa kichwa.

Ngeli je? Mswidi ana båt wa «en» na hus ya «ett», kwa hiyo en stor båt, ett stort hus, stora hus. Watu wanalia eti ngumu. Mtu aliyekua akisema kiti kikubwa, mti mkubwa, nyumba kubwa, viti vikubwa, ataogopa vikundi viwili? Tena ukilinganisha, Mswidi anakuhurumia: större ni ile ile kwa mashua, nyumba na manyumba yote.

Najua komenti zinazokuja. «Waswidi wote wanajua Kiingereza, ya nini?» Kweli, wageni wa Diani wengi wanakijua vizuri kutushinda. Lakini msusi wangu hasomi ili amwambie mgeni bei. Ana mchumba kule na mipango ya kuhamia. Huko wahamiaji wana masomo ya bure ya lugha, yanaitwa SFI, na yanafundishwa kwa Kiswidi chenyewe. Ukitaka kazi ya kutunza wazee, mzee wa miaka tisini hatakusimulia maumivu yake kwa Kiingereza. Kufika kule na msingi au kufika mikono mitupu ni tofauti ya miaka.

Walimu wetu, kwa heshima zote, hamkatazwi kitabu chenu. Kilichoandikwa kwa Kiingereza kiandikwe, lakini mdomo wa mwalimu ni wa Msambweni au Kinango kama wetu. Mkisema Kiingereza ndio ngazi, mnawafungia nje walioacha shule kidato cha pili kwa ada, na ndio hao hao wanaoshinda na wageni kutwa nzima ufukweni.

Dada sasa anasoma na mimi Jumapili jioni chini ya mkungu, bure. Juzi kamwambia mteja «Idag är det varmare än igår», mkia upo, kitenzi kiti cha pili. Zile elfu sita zake arudishiwe.