Uvimbe wa Taya Haungoji Mavuno

Mtoto anapovimba taya ghafla, huku kwetu, kuanzia Nyegina hadi Bunda, wako wanaosema ni jino, na wako wanaosema amelogwa. Huenda ni saratani ya Burkitt, iliyopewa jina la daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyeieleza mwaka 1958 akiwa Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waliona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo.

Kirusi hicho huenea kwa mate. Karibu kila mtoto hapa hukipata akiwa mdogo, na wengi hakiwadhuru. Hukaa ndani ya chembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili. Katika kila askari mna jeni iitwayo MYC, inayomwamuru azaliane adui anapoingia. Adui akiondoka, jeni huzimwa. Kirusi huiwasha bila adui yeyote, ili askari wakizaliana nacho kizaliane. Kwa kawaida askari wengine hukidhibiti. Lakini malaria ya mara kwa mara huwadhoofisha hao wadhibiti na kuchochea uzalianaji. Katika pilikapilika hizo MYC huweza kukatika na kuungana na jeni za kutengeneza kingamwili, ambazo huwaka daima. Hapo haizimiki tena.

Mkoa wetu una historia katika jambo hili. Kuanzia 1977 hadi 1982, watoto wa Mara Kaskazini waligawiwa klorokwini ili kuona kama saratani hii itapungua. Ilipungua, ingawa ilikuwa imeanza kushuka kabla ya dawa, na malaria ikapanda tena kabla kazi haijaisha. Hata hivyo chandarua bado ni kinga ya busara.

Kinachonisikitisha ni kuchelewa. Chembe za uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini chembe inayozaliana upesi ndiyo inayouawa vizuri na dawa, na watoto wengi hupona wakiwahi na kumaliza matibabu. Basi tusichanje, tusing'oe meno kwa kubahatisha, wala tusingoje mavuno. Twende zahanati, tuombe rufaa ya Bugando, Mwanza. Nasi majirani, tulio wepesi wa kuchangia msiba, tuchangie nauli mtoto angali hai.