Mkoko waalika maua, nani Mikindani anautazama?

Na Rukia Mbwana
Safu ya kila wiki: BARA NA KISIWA

Mtangazaji wa mpira akiona timu mbili zimeanza kukamiana, husema mkoko ndio kwanza waalika maua. Mwanasiasa akitishia kutoboa siri za mwenzake, naye huazima maneno hayo hayo. Msemo umesafiri hadi Nairobi na Dodoma, unatumiwa na watu ambao hawajakanyaga tope la pwani maishani mwao. Huko si ajabu. Ajabu ni Mikindani, Mombasa, ambako hori la Tudor linapanda na kushuka nyuma ya nyumba za watu, na bado ni wachache wanaoweza kukwambia ua la mkoko lina rangi gani.

Ni jeupe. Petali zake ni nne, zenye malaika kama pamba iliyochambuliwa, nazo zimeshikiliwa na sepali nne ngumu za rangi ya maziwa yaliyoganda. Huning'inia katikati ya majani likitazama chini, kwa hiyo anayepita kwenye matatu hawezi kuliona, na anayepita kwa mguu huwa amekazana kuangalia pa kukanyaga.

Mwalimu wa Gredi ya Nne akiwaambia watoto waandike mimea ya maua inayoanza kwa herufi M, karatasi zitajaa kabla ya kengele. Kiswahili kimeipa miti yake herufi hiyo kwa ukarimu: mwaridi, mwasumini, mlangilangi, mrehani, mkadi, mkilifi, mjohoro, na mkrismasi unaowasha wekundu kando ya barabara ifikapo Desemba. (Mwalimu anayetaka mtihani wa kweli awape herufi Z.) Orodha ya watoto, hata hivyo, itakuwa ya miti ya uani na barabarani. Ya matopeni haitakuwamo, ilhali nayo karibu yote ni ya M: mkoko, mchu, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi, mkomafi dume, msikundazi. Kenya ina aina tisa za miti ya mikoko, na kati ya hizo ni moja tu iliyoikimbia herufi hiyo, nayo ni kikandaa, kilichopewa jina la udogo kwa umbo lake. Zote tisa hutoa maua.

Maua ya uani yana majina yake na kazi zake. Mwasumini hutoa asumini, mlangilangi hutoa langilangi, mwaridi hutoa waridi, na kikuba kikishatungwa nyumba nzima hujua. Ua la mchu halina jina zaidi ya hilo la ua la mchu. Halitungwi kikuba, haliuzwi Marikiti.

Wanaolithamini ni nyuki. Ua lenyewe ni dogo, la rangi ya manjano inayokaribia chungwa, limekaa kwa vishada kwenye ncha za matawi, na harufu yake ya utamu hushindana na ile ya tope. Ukigeuza jani la mchu utaona upande wa chini wa kijivujivu. Ukililamba utaonja chumvi, kwa sababu mti huu huvuta maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani. Asali ya mikoko inayovunwa pwani huanzia kwenye maua kama haya.

Muia una mbwembwe zaidi. Ua lake limevalia kikombe chekundu chenye meno mengi, na petali zimebana chavua ndani kama mtego. Ndege aitwaye chozi anapoingiza mdomo kutafuta nekta, petali hufyatuka na kumpaka chavua usoni, akaipeleke ua la pili. Hata kwa ncha ya kijiti mtego huo hufyatuka. Mlilana nao hufanya kazi usiku. Hufungua ua lake jioni, nyuzi nyeupe nyingi mno zikatokeza kama brashi, popo na nondo wakaja kunywa, na kukipambazuka nyuzi hizo zimeshadondoka majini. Anayetaka kuliona lazima aende wakati watu wa Mikindani wanapofunga maduka.

Haya yote yangebaki kuwa mambo ya wapenda maua kama si upandaji miti uliovuma miaka hii. Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ili ipande miti. Pwani ikaitikia, na inafaa kuitikia: kwa mujibu wa mpango wa taifa wa kusimamia mikoko wa 2017 hadi 2027, Kenya ina hekta 61,271 za mikoko, na kati ya hizo Mombasa ina hekta 3,771 tu, zilizozungukwa na bandari, viwanda na mitaa.

Lakini kinachopandwa ni nini? Mara nyingi ni M moja tu, mkoko wenyewe. Sababu inaeleweka. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti mama, ikarefuka kama bakora ya kijani, ikaanguka ikiwa tayari mche. Mtu huokota gunia zima, akazichomeka topeni moja moja, na kufikia adhuhuri kuna mistari iliyonyooka na picha za kutosha. Mbegu za mlilana ni punje ndogo zinazohitaji kitalu na subira. Halafu jina lenyewe linasaidia uvivu, maana “mikoko” ni jina la ukoo mzima na pia la mti mmoja. Aliyepanda mti mmoja anaweza kudai amepanda ukoo.

Kila mti wa matopeni una mahali pake. Mlilana hukaa mbele, uso kwa uso na maji. Mkoko hufuata nyuma yake, kisha muia na mkandaa, na kikandaa hujibanza upande wa nchi kavu. Mchu huonekana huku na huko. Kuuchomeka mkoko mahali pa mlilana ni kuupeleka ukafe. Ufilipino walijifunza kwa gharama: watafiti Jurgenne Primavera na Janalezza Esteban walionyesha mwaka 2008 kwamba baada ya mamilioni ya dola, miche iliyosalimika ilikuwa kama asilimia 10 hadi 20, kwa sababu miche ya jamii ya mkoko ilichomekwa kwenye fukwe zilizofaa mchu na mlilana. Hapa nyumbani Gazi, Kwale, majaribio ya kupanda yalianza mapema miaka ya 1990, na mlilana ulikuwa miongoni mwa iliyopandwa. Hakuna haja ya kupanda ndege kwenda kutafuta ujuzi.

Mikindani ina mzigo wake wa ziada. Majitaka ya mitaa humiminika kwenye hori, na wanasayansi wameyafuatilia kwa miaka. Utafiti uliochapishwa 2009 ulikuta kaa wadogo wa kuchezesha gando wameongezeka mahali panapopokea majitaka, huku konokono wakubwa wa matopeni wakipungua. Maana yake msitu unaweza kuonekana kijani kutoka barabarani ilhali chini yake mambo yameshabadilika. Kuongeza mistari ya mkoko juu ya tope hilo bila kugusa mabomba ni kupaka rangi ukuta unaovuja.

Safu hii haiombi siku za kupanda zisitishwe. Inaomba kila kikundi, kila kampuni na kila ofisi inayofadhili miche Mikindani itangaze aina ilizopanda, si idadi peke yake, na itenge pesa za kitalu cha mlilana, mchu na muia. Nawe msomaji, utakapoalikwa hori la Tudor msimu ujao, uliza kabla hujakunja suruali: mche huu ni wa mti gani? Ukijibiwa “mikoko”, uliza tena.