Karatasi ya kuchorea: mtoto asiiogope

Leo kwenye mfululizo wetu wa mtoto kabla ya shule tuongee kuhusu karatasi. Ndiyo, karatasi tu.

Nianze na msimamo wangu: mtoto mdogo hahitaji kitabu kizuri cha kuchorea. Anahitaji karatasi nyingi, za bei ya chini, ambazo akiziharibu hakuna wa kumgombeza.

Kwani nesi na karatasi wapi na wapi? Ni hizi kadi za kliniki, jamani. Tunazipokea zimechorwachorwa kwa kalamu ya wino, tena juu ya ile chati ya uzito. Sasa pale ndipo tunapoangalia kama mstari wa mtoto unapanda, umelala au unashuka. Sehemu ya chanjo nayo hivyo hivyo, tarehe haisomeki. Mama anasemwa kliniki, wakifika nyumbani mtoto anachapwa. Lakini hebu jiulize: huyo mtoto ana karatasi yake? Kama hana, atachora popote: kadi, ukuta, daftari la kaka yake, kochi.

Na kuchora kwake si utundu. Karibu na mwaka mmoja na nusu wengi huanza kuchorachora mistari isiyo na mpango. Karibu na miaka mitatu wanaiga duara. Karibu na minne wanaiga msalaba. Mkono unajifunza hatua kwa hatua, na mkono huohuo ndio kesho utaandika "a e i o u". Kama wako ana miaka minne na hata mstari hajaribu, ukija kliniki tuambie. Ila kwanza mpe karatasi, maana wengine hawajawahi kupewa hata moja.

Ndiyo maana sikubaliani na kununua kitabu kimoja kirembo halafu kinafungiwa kabatini: "Usikiharibu, cha bei hicho!" Mtoto anachora kanukta kamoja pembeni, anakuangalia usoni kama utafoka. Hapo hajifunzi kuchora, anajifunza kuogopa.

Sasa karatasi za bei nafuu tunazitoa wapi?

1. Rimu ya A4. Ina karatasi 500. Ukiiona ghali, changeni kina mama watano, kila mmoja anaondoka na karatasi 100. Ukimpa moja kwa siku, achore pande zote mbili, ni zaidi ya miezi mitatu. Ukiwa steshenari fanya hesabu hii: bei ya kitabu gawanya kwa idadi ya karatasi zake, kisha fanya hivyo na rimu. Utaona mwenyewe.

2. Madaftari ya wakubwa. Desemba shule zikifungwa, kurasa nyeupe huwa zimebaki nyuma. Zichomoe, na toa pini zote.

3. Kalenda ya mwaka uliopita. Ile tunayojalidia madaftari. Nyuma ni nyeupe na ni kubwa, nzuri kwa mdogo anayechora kwa mkono mzima. Chagua isiyong'aa sana, krayoni isiteleze.

4. Mifuko ya kaki. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, hii imejaa majumbani. Ifumue, ikunjue, umepata karatasi pana ya bure. Iwe safi, si iliyobeba nyama.

5. Maboksi ya dukani. Yakate, mpe chaki.

6. Karatasi za ofisini zilizotumika upande mmoja. Omba, lakini zikague. Yenye jina la mgonjwa, majibu ya vipimo au namba ya simu ya mtu haiji nyumbani kuchorewa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, siri ya mtu ni siri ya mtu.

Na hizi usimpe: mifuko ya saruji, vumbi lake linaunguza ngozi na macho. Mifuko ya mbolea au dawa za kilimo, hata kama umeikung'uta. Risiti za mashine, zile nyororo zinazofifia, nyingi zina kemikali kwenye karatasi yenyewe na mtoto huweka kila kitu mdomoni. Vifuniko vya kalamu pia viweke mbali, vinapalia.

Najua kuna bibi atasema, "Ukimzoesha hivyo atakuwa mpotezaji." Bibi, shikamoo, lakini hapana. Kutunza vitu anafundishwa kwa utaratibu, si kwa kunyimwa. Achore upande huu, ageuze upande wa pili, ikijaa aiweke kwenye boksi lake. Kila mwezi bakiza moja, andika tarehe nyuma, uone mkono unavyokua. Zilizobaki ziwashie jiko.

Kwa hiyo, mama, leo kabla hujalala fanya mambo mawili. Kadi ya kliniki iwekwe kwenye mfuko wake, juu kabisa. Karatasi za mtoto ziwekwe chini, mahali anapofika mwenyewe bila kuomba.

Sehemu ijayo tutaongea kuhusu krayoni na namna ya kushika kalamu. Wewe karatasi unapata wapi huko kwenu? Andika hapo chini, mwenzio afaidike.