Si Theluji, ni Mvua ya Mawe

Washairi wetu wanalipenda neno theluji. Mvi za babu ni theluji, kanzu ya bwana harusi ni theluji, na moyo wa mpenzi aliyekataa posa nao ni theluji, ijapokuwa mtungaji mwenyewe huenda hajapata kuiona ila kwenye televisheni. Sina ugomvi na istiara hizo. Ushairi una ruhusa ya kufika mahali ambapo miguu ya mshairi haijafika. Ugomvi wangu unaanza pale neno linapoacha kazi ya kupamba na kushika kazi ya kuripoti.

Msimu uliopita wa mvua, picha zilizunguka huku kusini kutoka simu hadi simu. Zilionesha kipande cha barabara ya udongo mwekundu kati ya Nachingwea na Ruangwa kikiwa kimetapakaa weupe, na mikorosho imesimama kandokando kana kwamba haijui imefikaje Ulaya. Chini ya picha pameandikwa: theluji yaanguka kwetu. Watu wakashangilia. Wengine wakawasha pikipiki kwenda kujionea. Mimi nilikuwa nimeshapita hapo nyuma ya bodaboda, nikirudi nyumbani Ruangwa, na kilichonipiga mabegani hakikuwa theluji.

Tulitoka Nachingwea saa nane mchana, jua likiwa la kuunguza. Wingu lilipanda ghafla mbele yetu, jeusi lenye ukijani kidogo, ukapita upepo wa baridi, kisha jiwe la kwanza likagonga kofia ngumu ya dereva. Likafuata la pili. Halafu yakawa hayahesabiki. "Mwalimu, jifiche mgongoni kwangu!" alipiga kelele, nami nikauinua mkoba juu ya kichwa kwa mkono mmoja, wa pili umemshika kiunoni. Hakukanyaga breki, maana breki ingetulaza chini; aliachia mafuta, pikipiki ikapunguza mwendo yenyewe, tukaingia chini ya mkorosho ulioinamisha matawi yake hadi karibu na ardhi. Majani yalikatika yakaanguka pamoja na mawe. Mengi yalikuwa na ukubwa wa punje ya mahindi, machache kama gololi.

Mvua ilipokatika, barabara ilikuwa nyeupe. Tuliondoka taratibu, dereva akiburuza miguu yote miwili chini, tairi zikiteleza kama zinazopita juu ya choroko zilizoanikwa. Udongo ulikuwa bado na joto la mchana, ukawa unafuka mvuke. Watoto wa nyumba za kando ya njia walitoka na sufuria, wakazoa, wakatafuna, wakaitana, "Barafu! Barafu!", kwa kuwa ndilo neno walilolizoea, la zile barafu za ubuyu zinazouzwa katika vifuko. Nawapongeza watoto wale. Waliukaribia ukweli kuliko watu wazima wenye simu.

Hebu tuyatazame maneno yenyewe. Barafu limetokana na barf ya Kiajemi, ambayo kwa Waajemi ni ile ile ianguayo kutoka mbinguni, na ambayo huko India watu huiita hivyo hivyo hata ikiwa ndani ya bilauri. Theluji limetokana na thalj ya Kiarabu, neno lisilojali sana kama kitu kiko mlimani au kwenye kinywaji. Kiswahili kiliyapokea yote mawili kisha kikayagawia kazi: kigumu, cha kuvunjwa kwa nyundo, ni barafu, chepesi kiangukacho kama unga ni theluji. Naona hilo ni jambo la kujivunia. Lugha iliyokulia pwani, mahali pasipo baridi ya kugandisha hata kikombe cha maji, ilijipatia tofauti ambayo haikuwa na haja nayo ya kila siku. Na kile kilichotupiga sisi wenyewe mara kwa mara hatukukiombea jina ng'ambo. Tulikiita mvua ya mawe, kwa maneno tuliyokuwa nayo jikoni na shambani.

Jina hilo lina habari ndani yake, maana jiwe hupiga. Akisikia kuna mvua ya mawe mbele, dereva wa bodaboda husimama kijiweni akasubiri. Akisikia kuna theluji, huenda kupiga picha. Maumbile nayo yanaunga mkono lugha. Theluji ni mvuke ulioganda ukawa fuwele, na ili ifike chini ikiwa theluji, sharti hewa ya chini nayo iwe baridi. Ndiyo maana kwetu Tanzania makao yake ni Kilimanjaro, na Meru mara mojamoja. Nachingwea iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Mvua ya mawe ni mtoto wa joto. Hewa ya moto hupanda kwa nguvu ndani ya wingu, ikayabeba matone hadi kwenye baridi ya juu, yakaganda, yakavikwa tabaka juu ya tabaka, mpaka uzito ukaushinda upepo. Mchana ule wa kuunguza haukuwa kinyume cha yale mawe. Ndio uliokuwa mama yao.

Nyahururu, nchini Kenya, walipita njia hii kabla yetu. Septemba 2008 mteremko mzima katika eneo la Busara uligeuka mweupe, wakazi wakamiminika kuishangaa theluji, hadi wataalamu wa hali ya hewa wakaeleza kwamba ni mvua ya mawe iliyoshikamana. Nchi hiyo hiyo ina Kericho na Nandi, ambako wakulima wa chai huyaona mawe hayo mara nyingi kuliko karibu sehemu yoyote nyingine duniani! Neno walikuwa nalo, ila weupe uliwapumbaza.

Weupe umewahi kuwashinda hata mabingwa, lakini kwa upande wa pili. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro na kile cheupe kilichokuwa kileleni. Huko London mwanajiografia William Desborough Cooley alikataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Nimpendaye mimi katika kisa hicho ni kiongozi wa msafara. Alipoulizwa cheupe kile ni nini, hakuwa na jina lake, wala hakubuni. Alisema ni baridi. Alitaja kile ambacho mwili ungekijua ukifika pale, akanyamaza.

Wapo watakaosema namwonea mtu aliyetania tu kwenye simu. Ningekubali, kama nisingekumbuka Mwakata. Mapema Machi 2015 mvua ya mawe yenye upepo mkali ilikipiga usiku kijiji hicho cha wilaya ya Kahama. Watu wasiopungua 38 walikufa, nyumba za udongo zikabomoka juu ya waliolala. Mtu wa Mwakata akiona picha ya barabara yetu, haoni pambo. Tukimpelekea neno theluji, tunamnyang'anya jina la kilichomuua ndugu yake, na mshairi ndiye wa kwanza kupaswa kulisikia hilo.

Na hata kwa hesabu ya ufundi, sioni kisingizio. Theluji ina mizani tatu na kina cha ji, kilicho rahisi kwa sababu ya maji, mji na kijiji, najua kinavyovuta. Lakini "mvua ya mawe" ina mizani tano, inakuachia tatu kamili za kumalizia kipande chako cha nane, na kina cha we kinakuletea kiwewe, mwewe na mwenyewe. Mtu akishindwa kufunga ubeti kwa kiwewe na mwewe juu ya mada hii, shida si msamiati.

Siliondoi neno theluji kinywani mwa mwenye nalo. Mswahili anayekwenda kazini kwa miguu mwezi wa Januari huko Oslo, theluji ni yake, naye ningependa kusoma kwake inavyosikika chini ya kiatu. Vivyo hivyo mtu wa Kitulo anayeamka alfajiri ya Julai na kukuta nyasi zimegandiwa na sakitu: hilo nalo ni neno letu, limo kamusini, na katika mashairi ninayoyasoma sijalikuta.

Mimi kwa upande wangu ninatafuta tanakali sauti. Mawe juu ya bati yanajulikana, kila mtoto wa huku aweza kuyaigiza kwa ulimi. Juu ya kofia ngumu ya dereva aliye shibiri moja mbele ya uso wako, yalianza kwa ko, ko, ko, kisha yakawa mlio mmoja usio na irabu, na herufi zake bado sijazipata.