Kwelea kwelea huwalisha nini makinda yao?

Mpunga ukianza kutoa masuke Igunga, kazi ya kuamia ndege huanza. Watoto na wazee hushinda shambani na makombeo na madebe, tangu alfajiri hadi jua kuzama. Anayeogopwa zaidi ni kwelea kwelea. Ndege mmoja huweza kula gramu 10 za nafaka kwa siku. Hesabu ndogo, lakini kundi la ndege milioni moja ni tani 10 kila siku.

Leo tuanzie nyuma kidogo, kwenye kiota.

Ingawa ndege huyu ni mla mbegu, siku za kwanza huwalisha makinda yake wadudu: viwavi, panzi na wengineo. Kinda hukua haraka na huhitaji protini nyingi, ambayo punje haitoshelezi. Baada ya siku chache wazazi hubadili, wakaleta mbegu za nyasi pori.

Ndiyo sababu kwelea kwelea huzaliana mvua inaposhika, wadudu na mbegu mbichi vikiwa tele. Hujenga kwa makundi kwenye miti ya miiba, kama ile ya mbuga ya Wembere. Jike hutaga mayai yapata matatu, huyaatamia siku 10 hadi 12, na makinda hukaa kiotani kama wiki mbili. Kwa hiyo, tangu kutaga hadi kuruka haufiki mwezi mmoja.

Baadaye mbegu za porini hupungua, na makundi makubwa, wakubwa na wadogo pamoja, huhamia kwenye mpunga, mtama na uwele. Mahindi husalimika zaidi kwa sababu punje zake ni kubwa.

Je, wale viwavi wanafidia hasara? Hapana. Siku chache za wadudu hazilipi tani za nafaka. Ila zinatupa saa ya kuhesabia: ukiona miti imejaa viota, una wiki chache tu. Usisubiri wafike shambani. Mwambie afisa ugani au mtendaji wa kijiji mapema, ili taarifa ifike kwa wataalamu, wakiwemo wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA).

Sumu inayonyunyiziwa kwenye mazalia haichagui. Huua hata mwewe na bundi wanaotusaidia kupunguza ndege na panya. Huko Kondoa wapo wanaowatega kwelea kwelea kwa kitoweo. Hilo ni jambo jingine: ndege aliyekufa kwa sumu asiokotwe wala kuliwa.

Na si kila mla mbegu ni kwelea kwelea. Shomoro na mnana nao huwalisha makinda wao wadudu. Ukimwona mmoja akiruka na kiwavi mdomoni, huenda amekitoa kwenye mahindi yako. Kabla ya kubomoa kiota, tazama kwanza ni cha nani.